Bibi Niliyemwazima Hospitalini

Naona aibu kulisema hili, maana mimi ni mwalimu huku Kasokola na kila asubuhi nawahimiza wanafunzi wapange foleni.

Wiki iliyopita jino lilinitesa mpaka nikaenda hospitali, Mpanda mjini. Watu walikuwa wamejaa hadi uani, na karani wa kuandikisha wagonjwa kwenye foleni kuu alikuwa mmoja tu. Dirisha la wazee pekee, lenye karani wake, ndilo lililokuwa halina foleni. Pembeni nikamwona bibi mmoja amekaa peke yake na chupa ya uji.

“Bibi, twende nikusaidie,” nikamwambia. Akainuka na chupa yake. Nikamshika mkono, watu wakatupisha. Mama mmoja akasema kwa sauti, “Huyu kweli kalelewa.” Nikaitikia kwa kichwa, jino likinipwita.

Dirishani nikasema, “Tuandikishe wawili, mimi na bibi yangu.”

“Bibi yako anaitwa nani?” karani akauliza.

Nikakohoa. Karani akamgeukia yeye. “Bibi, huyu ni mjukuu wako?”

Bibi akanitazama taratibu, foleni nzima ikisikiliza.

“Simjui. Mie nimemletea binti yangu uji wodini. Huyu baba kanishika mkono, nikajua ndiye daktari.”