Ngoma Iliyozimiwa Moto

Mpaka leo nikimsikia mtu akisifu ngoma za asili kwenye kipaza sauti, damu inanichemka.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha kijijini kwao, Ziba. Mama hakuwa amemsikia akipiga tangu aolewe na kuhamia Tabora mjini, ambako baba alishona nguo barazani. Miaka ile ya Ujamaa mgeni mkubwa hakupokelewa bila ngoma, basi alipotarajiwa mmoja mjini kwetu, tukasikia kikundi cha Ziba kinaletwa kwa lori. Mama akanunua kanga mpya. Kwao, dada humtuza kaka yake ngoma ikiwa inalia: anaingia uwanjani akicheza, anamfunga kanga shingoni mbele za watu. Wadogo zake walikwisha kufanya hivyo zamani. Yeye bado, na jambo hilo lilimkera.

Siku ya mgeni baba alifunga kazi mapema. Tulivaa nguo za sikukuu, tukawahi nafasi ya mbele. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mawingu hayakuondoka. Ngozi ya ngoma ikipata unyevu hulegea, kwa hiyo mjomba na wenzake waliwasha moto wa nyasi pembeni mwa uwanja ili wazikaushe. Mgambo akaja mbio.

"Ndugu, zimeni. Moshi unaelekea jukwaani."

"Zikipoa hazitalia," mjomba alisema.

"Mgeni ndiyo kwanza amekaa. Zimeni."

Wakamwagia maji. Mgeni akasimama kuhutubia, na kwa bahati yetu mbaya alichagua kuzungumzia utamaduni. Ngoma ni roho ya taifa, alisema. Mkoloni aliidharau, sisi tuienzi. Tukapiga makofi. Akaendelea. Manyunyu yakaanza, yeye akafunguliwa mwavuli, akaendelea tena. Nilimuuliza baba mjomba ataanza saa ngapi. Akaniambia ninyamaze, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisonya chini chini. Mama aliikumbatia kanga yake isilowe, macho hayabanduki kwenye zile ngoma.

Hotuba ilipokwisha, mwendesha shughuli akatangaza kwamba muda umetutupa mkono. Tuliimba wimbo wa taifa, wageni wakaenda kula.

Wapiga ngoma waliamriwa kupanda lori. Mama akanishika mkono, tukapenya katikati ya watu. Mjomba alikuwa juu tayari, ngoma mapajani. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama.

"Kaka, piga," mama alisema.

"Dada, imelegea hii. Nitajiaibisha."

"Kwa hiyo nirudi na kanga yangu? Mtu hatuzwi bila kupiga."

Dereva alikuwa amekwisha washa injini. Mjomba akapiga. Ilitoka sauti ya mtu anayekung'uta godoro. Mama akacheza palepale kwenye matope, na nguo zake za sikukuu, peke yake, watu wakituangalia. Kisha mjomba akainama, naye mama akamfunga kanga shingoni. Alikuwa akilia. Mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata kigelegele kilinishinda.

Baadaye watu wa kijiji kile walihamishwa, kikundi kikasambaratika, na mjomba hakushika ngoma tena. Wazee wa Ziba huniambia kwamba akipiga, alisikika mpaka kijiji cha pili. Sina budi kuwaamini. Mimi nilimsikia mara moja tu, akiwa juu ya lori.