Atiir Asoma Ramani ya Loima

Atiir wa Lorugum amechekecha dhahabu kwenye malaga, mito mikavu ya mchanga, tangu akiwa msichana. Shule aliiacha darasa la tatu. Kwa hiyo Lomorukai, mpimaji wa ardhi kutoka Lodwar, alipomwajiri amwongoze kwenye msitu ulio juu ya milima ya Loima, alitaka miguu yake tu. Kazi ilikuwa kutafuta mashimo ya wachimbaji wa zamani, ambayo vichaka vimeyafunika na mbuzi wanatumbukia humo.

Asubuhi ya kwanza Lomorukai alitandaza ramani juu ya boneti ya gari. Atiir akaangua kicheko.

"Nani ameacha alama ya kidole chake hapa?"

"Si kidole, mama. Kila mstari ni kimo kimoja cha mlima. Mistari ikisongamana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, hapo ni tambarare."

Atiir aliinama, akaifuata mistari kwa kidole. "Basi hapa mbuzi wangu hawawezi. Hapa wanapita. Na hapa," akagonga karatasi, "ndipo nilipoanguka nikavunjika mkono!"

Tangu hapo hakuiachia ramani. Siku ya tatu Lomorukai alielekeza kushoto, akisema huko ndiko kwenye bonde la wachimbaji. Atiir akakataa.

"Mistari hii ya kulia imekunjwa, na ncha zake zinatazama juu mlimani. Maji hupita hapo, na wachimbaji hufuata maji. Hizo zako zinatazama chini. Unatupeleka mgongoni mwa mlima, si bondeni."

Lomorukai akaangalia, akaangalia tena, kisha akajicheka mwenyewe. Wakafuata bonde la Atiir. Kabla ya saa sita walikuta mashimo kumi na moja chini ya miti ya mitarakwa, na kando yake chemchemi ya maji baridi. Atiir alipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka.

Mashimo yalipokwisha kuzungushiwa miiba, walimpelekea ramani Awoi, mama yake Atiir, ambaye magoti yake hayapandi mlima tena. Atiir alishika kidole cha mama, akakipandisha bondeni mstari kwa mstari hadi kwenye chemchemi.

"Tulichimba hapo na baba yako," Awoi akasema. "Na hapo ndipo nilipokuzaa."

"Mimi? Hukuniambia!"

"Ningekuonyesha vipi?"

Lomorukai akachomoa kalamu. Kwenye karatasi, chemchemi haikuwa na jina.

"Tuandike nini, bibi?"

Mama na binti walijibu kwa pamoja, kila mmoja akitaja jina la mwenzake.