Jina la Kazini la Shangazi Riziki

Nguo za baba yangu zilinuka lami. Ilikuwa harufu ya ile dawa nyeusi waliyozipaka nguzo za simu ili mchwa wasizile, na haikutoka hata kwa sabuni ya mche. Bibi alizifua peke yake na kuzianika pembeni ya ua, mbali na khanga zake. Baba akirudi safari, harufu ilitangulia kuingia, ikafuata sauti yake ikipiga hodi, ndipo yeye mwenyewe akainama kupita mlangoni kwa sababu ya urefu wake. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa darasa la pili. Tulikaa Chumbageni, mjini Tanga, watu wanne katika nyumba moja: Bibi, baba yangu Bakari, dada yake Riziki, na mimi. Mama alikuwa ameolewa tena Pangani. Sikumlilia, maana sikukumbuka kuishi naye.

Baba alikuwa fundi wa nyaya za simu. Alichimba mashimo, akasimamisha nguzo, akazipanda kwa vyuma vya miguuni na kufunga nyaya juu. Njia ya Tanga hadi Muheza aliijua nguzo kwa nguzo, lakini alikuwa hajapata kuongea kwenye simu hata siku moja. Nilipomwuliza simu inasikikaje, alicheka. "Waulize wenye nyumba," akasema. "Mie ni mjenzi." Hakusema kwa uchungu. Sisi watoto wa mji tulijua mambo hayo kama tulivyojua Ijumaa hufuata Alhamisi. Ofisi ya simu ilikuwa na milango mitatu. Wazungu waliingia kwa mbele, palipokuwa na ngazi. Wahindi na wale Wahindi Wakristo tuliowaita Wagoa, makarani na wasichana wa kuunganisha simu, waliingia kwa ubavuni, penye kivuli. Waafrika walipita lango la nyuma, palipolazwa nguzo. Hapakuwa na kibao kilichoandikwa nani apite wapi, wala mimi sikuwahi kumwona mtu akikosea.

Shangazi Riziki alikuwa amesoma kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na alipenda kusoma kwa sauti chochote kilichopita mbele yake, hata karatasi iliyofungiwa bizari. Kiingereza alifundishwa shuleni na mwalimu wa kizungu aliyewachapa viganja wasichana waliotamka vibaya. Riziki hakuchapwa sana. Mwaka ule wasichana wengi wa ofisi ya simu waliolewa na kuacha kazi, na siasa nazo zilianza kuchemka, ikasemekana juu kumetoka agizo kwamba ajaribiwe msichana wa Kiafrika. Aliyelileta jina lake ni Filomena, Mgoa aliyekuwa msimamizi mdogo pale. Alimfahamu Riziki kwa sababu walikuwa wakikutana kwa fundi mmoja wa cherehani. Bibi hakutaka. Alisema mtoto wa kike hakai na sauti za wanaume masikioni kutwa nzima. Baba ndiye aliyemsihi. "Mama, mie nafunga nyaya mwaka wa ngapi huu," alisema. "Na tuone sasa nani wa kwetu atasema ndani yake."

Akaenda. Siku hiyohiyo ya kwanza wakampa jina jingine. Memsabu wa kizungu aliyekuwa mkuu wa chumba kile hakuwa mtu mkali. Kwa maelezo ya Filomena, alisema kwa upole kabisa, kama daktari anayeeleza dawa. Wateja, alisema, wamezoea sauti za aina fulani, na hapana haja ya kuwashtua. Kwa bahati njema sauti yako ni nzuri, hakuna atakayejua. Kwenye laini utaitwa Rita. Na mlango, tafadhali, uendelee kutumia ule wa nyuma.

Jioni Riziki alipotueleza, Bibi alikuwa akikuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka kikabaki kifuu kitupu, ndipo akasema, "Mkataa kwao mtumwa."

"Sijakataa kwetu, mama," Riziki akajibu. "Nimewaazima sauti tu."

"Na wakikataa kuirudisha?"

Baba akaomba chai.

Rita alipendwa. Mabwana wa mashamba ya mkonge, waganga wa hospitali, wafanyabiashara wa Kihindi, wote walimtaka Rita, kwa kuwa alikuwa mwepesi na hakukata mazungumzo. Bwana mmoja wa shamba alimpelekea boksi la chokoleti siku za Krismasi, limefungwa utepe, limeandikwa kwa Miss Rita. Filomena akalipokea mlango wa ubavuni, akalipitisha chini ya kitambaa, na chokoleti zile zikaliwa Chumbageni juu ya jamvi, na mimi na watoto wa jirani, hata Bibi akaonja moja na kusema ina ladha ya sabuni. Tulicheka sana usiku ule. Lakini nyumbani Riziki alianza kupungua maneno. Zamani alikuwa akiimba akichota maji. Sasa aliyachota kimya. Na akitaka kusema jambo alikohoa kidogo kwanza, akatulia, kama mtu aliyeshika kamba mbili za kuunganishia simu na hajui achomeke ipi. Nikimwita, mara nyingine ilibidi nimwite mara ya pili. Sikulihesabu hilo kuwa ni jambo. Mtoto huuzoea ukimya upesi kuliko mtu mzima.

Machungwa yalipoanza kuiva, baba alipelekwa Muheza na kikosi chake kubadilisha nguzo zilizooza kwenye njia ya kupanda Amani. Kule juu, msituni, walikuwapo wataalamu wa kizungu waliochunguza mimea na magonjwa, na simu yao ilikuwa ikikatika kila mvua ikinyesha. Baba alikwenda kama alivyokwenda safari zote. Alinishika kichwa, akamwambia Bibi asisahau kumwambia fundi atengeneze bawaba ya mlango wa choo, akaondoka.

Yaliyofuata sikuyapata kwa Riziki. Aliyenisimulia ni Filomena, miaka mingi baadaye, akiwa mzee kama nilivyo mimi sasa. Asubuhi moja simu ilitoka Muheza. Laini ilikuwa mbovu, ikikwaruza, kwa hiyo Filomena naye alichomeka kamba kusikiliza ili wasaidiane. Msimamizi wa kizungu wa shamba moja alimtaka injinia wa simu mjini. Riziki akaunganisha. Ilikuwa kawaida yao kungoja kidogo kuhakikisha pande mbili zinasikizana, na wote wawili wakangoja. Yule wa Muheza akasema nguzo imevunjika kwenye shina na mtu mmoja aliyekuwa juu yake ameanguka, amekufa. Injinia akauliza ni nguzo ya wapi. Akaambiwa. Akauliza kama waya umekatika, na simu ya Amani itachukua muda gani. Akaambiwa. Kisha akauliza, mtu gani huyo. Bakari, sauti ikasema. Yule mrefu wa Chumbageni.

Filomena alisema hakuthubutu kugeuza shingo. Aliiona mikono ya Riziki tu, nayo ilikuwa juu ya meza, imetulia. Mazungumzo yakaisha. Mara taa ndogo ya injinia ikawaka tena, Riziki akachomeka, akasema, "Namba, tafadhali." Injinia akasema, Rita, nifanyie hisani, kuna mmoja wa watu wangu wa nguzo amepata ajali. Mtafute mtu yeyote hapo aende Chumbageni akaitafute familia yake, awaambie.

"Ndiyo, bwana," Riziki akasema kwa Kiingereza chake kile. "Nitamtuma mtu."

Akachomoa kamba. Simu nyingine zikaita, akaziunganisha, mpaka Filomena alipomvua vyuma vya masikioni kwa mikono yake mwenyewe. Ndipo akasimama, akachukua baibui lake msumarini, akatoka kwa lango la nyuma.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa homa, nimekaa kwenye kizingiti, Bibi akipepeta mchele. Nilimwona Riziki akija katikati ya asubuhi, wakati si wake. Hakukimbia. Alifika, akavua viatu, akavipanga ukutani kisigino kwa kisigino, akaketi kwenye jamvi. Akakohoa kidogo.

"Mama, Bakari ameanguka Muheza," akasema. "Amefariki."

Ungo ulianguka na mchele ukamwagika, kuku wakaja. Bibi alipiga ukelele ambao majirani waliusikia mpaka barabara ya pili. Mimi nilitazama kuku. Nakumbuka nilifikiri kwamba inafaa mtu awafukuze, na kwamba bawaba ya choo bado haijatengenezwa. Machozi hayakuja siku hiyo wala siku ya mazishi, baba alipoletwa kwa lori la shamba, amefunikwa turubai. Wanawake walinishika wakalia juu ya kichwa changu, nami nilisimama tu nikingoja wamalize. Watu walisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Haukuwa moyo mgumu. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona ni wako, lakini ukiugusa hausikii.

Siku ya tatu ya matanga injinia alikuja. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, mwekundu wa jua, kofia mkononi, na nyuma yake dereva amebeba gunia la mchele. Wanaume waliokaa barazani wakainuka. Alitaka mama wa marehemu, lakini Bibi hakuweza kusimama, kwa hiyo Riziki akatoka mlangoni, amejitanda, mimi nimeshika upindo wa khanga yake. Yule bwana akasema kwa Kiswahili cha kuagizia kazi, "Pole. Bakari mtu muzuri. Kazi muzuri sana."

Riziki akamjibu kwa Kiingereza. Sikukielewa, lakini baadaye Filomena, aliyekuwa amekaa ndani na akina mama, alinieleza maneno yenyewe. Alisema, "Ahsante kwa kufika, bwana. Mama yangu hawezi kutoka."

Nilimtazama yule mzungu. Kwanza hakuelewa alichosikia. Alimtazama Riziki, kisha akatazama mlangoni nyuma yake, kana kwamba kuna mwingine aliyesema. Kisha uso ukampauka.

"Rita?" akasema.

"Mimi ni Riziki," shangazi akasema, sasa kwa Kiswahili, ili barazani wote wasikie. "Riziki, dada yake Bakari. Uliniambia nimtume mtu, nikaja mwenyewe."

Dereva alishusha gunia taratibu, kama lina mayai. Bwana yule akainamisha kichwa kwa Riziki, akaenda zake kwa miguu mpaka kwenye gari lililokuwa mbali. Bibi aliuliza ndani, kwa sauti iliyokauka, "Ni nani huyo?" Riziki akasema, "Wa kazini, mama."

Alipomaliza siku za matanga alirudi ofisini, na simu ya kwanza aliyoipokea alijitaja kwa jina lake. Ya pili vilevile. Memsabu akamwita, akamwambia kwa upole uleule kwamba wateja wameanza kuuliza Rita yuko wapi, na kwamba labda chumba cha nyuma, cha kupanga karatasi za telegramu, kingemfaa zaidi kwa wakati huu wa majonzi. Hakufukuzwa. Wakati ule wa majonzi ulidumu mpaka uhuru. Baada ya uhuru wakamrudisha kwenye simu kwa sababu Wazungu waliondoka na Wagoa wengi nao wakaenda zao, na yeye ndiye aliyebaki mwenye kuijua kazi. Alifundisha wasichana wa Kibondei, wa Kisambaa, wa Kidigo, Wakristo na Waislamu, na mlango wakapita wowote waliotaka. Hakuolewa. Kwa nini hakuolewa sikumwuliza. Ikaja mitambo ya kujiunganisha yenyewe, chumba kikafungwa, akarudi nyumbani na kufuga kuku. Alifariki usingizini, akiwa ameshazeeka. Kuhusu asubuhi ile hakuwahi kuniambia hata neno moja, nami sikuwahi kumwuliza.

Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka Dar es Salaam kazini kwao. Wanatengeneza programu za kompyuta na za simu za mkononi. Walikuwa na siku ya kuzungumza juu ya nani anaajiriwa katika kazi hizo na nani hapati, wanawake ni wangapi, watu wa mikoani ni wangapi, walemavu je. Walionyesha michoro ya rangi ukutani. Nilipendezwa, siwezi kusema uongo. Mkuu wa chumba chao ni msichana kutoka Lushoto, na wavulana wanamwamkia na kumsikiliza. Nilijaribu kufurahi kama wengine walivyofurahi, nikapata furaha kidogo. Zamani hakuna aliyejisumbua kuuliza nani hayupo ndani ya chumba. Sasa wanauliza, na wanauliza mchana, mbele ya watu, kwa kipaza sauti. Hiyo ni tofauti, na si ndogo. Ila nje ya dirisha vijana walikuwa wakichimba mtaro wa kulaza nyaya za intaneti, vifua wazi juani, na nilipouliza kama nao wamo kwenye michoro ile, mjukuu wangu alisema hapana, Bibi, hao ni wa mkandarasi.

Nikaombwa niwasimulie habari za shangazi yangu, nikawasimulia kama nilivyosimulia hapa. Walipiga makofi. Kisha kijana mmoja mpole, mwenye miwani, akanyoosha mkono. "Shikamoo Bibi," akasema. "Nilitaka kuuliza, pale alipoisikia ile simu na ikabidi aseme 'Ndiyo, bwana', alijisikiaje?"

Ukumbi wote ulinigeukia. Niliwatazama, watoto wazuri, wasafi, kila mmoja na kompyuta yake mapajani. Walitaka niwape kitu waondoke nacho. Nikatafuta, kweli nikatafuta.

"Sijui," nikasema.

Wakaendelea kusubiri. Mjukuu wangu akaniletea maji.