Sita Nukta Mbili

Tangu mkewe afariki, mzee Abdulhalim aliishi peke yake pale Kibiti, katika nyumba ya vyumba vinne ambayo vitatu havikuwa na mtu. Mwanawe wa pekee, Maimuna, alikuwa muuguzi Ujerumani. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili maneno yaliwaishia upesi. Wakishaulizana afya na mvua, waliagana.

Kisha Maimuna akanunua gari kuukuu, na mzee akapata la kuuliza. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa dereva wa ofisi ya misitu, akiwapeleka mabwana misitu Nyamisati kukagua boriti za mikoko. Magari aliyajua.

"Linakunywaje mafuta hilo gari lako?"

"Sijui, baba. Hapa kwenye dashibodi pameandikwa sita nukta mbili."

Mzee aliguna. Land Cruiser ya ofisi, pamoja na uzito wake na tope lote lile, kwa lita moja ilikwenda kilomita saba. Leo kigari kidogo, tena kwenye lami, kiende sita?

"Hilo bovu, mwanangu. Safisha chujio la hewa, badilisha na plagi."

Wiki chache baadaye Maimuna akalipeleka kwa fundi, plagi zikabadilishwa. Namba ikashuka, ikawa tano nukta tisa.

"Umeona? Linazidi kuharibika," mzee alisema kwa masikitiko, lakini siku hiyo walikuwa wamezungumza dakika ishirini, na alilala vizuri.

Mwishowe akamshauri aliuze. Haukupita mwezi, Maimuna akamwambia ameliuza. Jumapili iliyofuata simu ilikuwa ya dakika nne.

Siku mbili baadaye alipita mwalimu Donati, jirani yake anayefundisha hesabu sekondari, kumjulia hali. Mzee akamsimulia habari ya lile gari. Mwalimu alifikiri kidogo.

"Mzee, kule hawahesabu kilomita kwa lita moja. Wanahesabu lita kwa kilomita mia. Namba ikishuka, ndiyo gari linakunywa kidogo."

"Sijakuelewa, mwalimu."

"Land Cruiser yako, kwenda kilomita mia, ilitaka lita ngapi?"

Mzee akagawanya mia kwa saba, midomo ikimcheza. "Kumi na nne na ushei."

"La binti yako lilitaka sita tu. Gawanya mia kwa sita nukta mbili, unapata kilomita kumi na sita kwa lita. Lilikuwa gari zuri sana."

Mzee alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi kukaa. Hakungoja Jumapili, alipiga mwenyewe.

"Mwanangu, nilikosea. Gari lako lilikuwa zima. Mimi ndiye sikujua kulisoma."

"Najua, baba," Maimuna alisema taratibu. "Fundi aliyebadilisha plagi alinieleza. Nililiuza kwa kuwa nimehamia karibu na stesheni, sikulihitaji tena."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unazungumza, baba. Tangu mama aondoke ulikuwa huzungumzi."

Nyuma ya Maimuna sauti ya mwanamke ilitangaza jambo kwa Kijerumani.

"Treni yangu hiyo. Nitakupigia Jumapili, inshallah."

"Inshallah, mwanangu."

Alibaki na simu sikioni mpaka alipohakikisha imekatika, kisha akainuka polepole kwenda kutia udhu.