Mashine Ililia Zamu Yangu Ilipofika

Bwana Mhariri, jina langu libaki kwako, na la kambi yetu pia, maana huku Geita gazeti moja husomwa na kijiji kizima, na wasiojua kusoma huhadithiwa.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Mhunze. Shule nilifika darasa la nne. La tano lilinikimbia lenyewe. Sura ninayo, mbio ninazo, na hapa kambini hakuna kibarua ambaye kofia inamkaa kama mimi. Nambebea mashine mzungu mmoja anayetafuta mawe porini. Dhahabu amewaachia wengine; yeye anataka mawe yenye nguvu isiyoonekana kwa macho. Mashine yenyewe ni sanduku la mshipi ambalo likikaribia mawe hayo hulia kama bisi chunguni. Pasipo na kitu hulia tik, likanyamaza, tik.

Wenyeji walipouliza sanduku linatafuta nini, ningewaambia mawe? Nani angenitazama? Nikasema, "Linanusa wachawi." Basi! Nikawa napishwa njia, naletewa maziwa mgando kwenye kibuyu. Vibarua wenzangu nao nikawajaza hayo hayo. Rafiki yangu Masanja, tuliyekula sinia moja na kucheza ngoma kundi moja, alikuwa wa kwanza kuamini.

Kisha kaka yangu akafa. Tulizaliwa wawili tu. Alirudi mzima kutoka vita vya Burma, halafu homa ikaja kumchukua nyumbani. Mama akanipa saa yake ya mkononi, ile ambayo namba zake hung'aa gizani. Mkono wa kaka ulikuwa mnene, wangu mwembamba, hivyo huisukuma mpaka juu ya kiwiko, ndani ya shati, isidondoke.

Niliporudi kambini kutoka matangani, mashine ikaugua. Ililia kila mahali: mlimani, mtoni, hata nyuma ya jiko. Tulichimba ilipolia, tukatoa udongo mtupu. Bwana wetu mzungu akabadilisha betri, ikalia. Akafuta nyaya, akaianika juani akidhani imeingia unyevu, mimi nikiishikilia. Ikalia. Akatuamuru tuhamishie magunia yote ya mawe tuliyokwisha kuokota ng'ambo ya korongo. Nikaivaa tena begani, ikalia kuliko jana.

Ndipo akasema, "Labda kitu iko kwa mtu." Akaibeba mwenyewe, akataka tupange mstari tupite mbele yake mmoja mmoja.

Wasomaji wa kwetu mnajua mstari huo unafanana na nini. Ndivyo mfumu, mganga wetu, anavyopanga watu akimsaka mchawi. Wanakijiji waliokuja kuuza viazi wakaacha vikapu, wakasogea. Mpishi akapita: tik. Masanja akapita huku jasho likimtoka: tik. Mimi nikaenda kwa madaha, nikimkonyeza.

Mashine ikapiga kelele.

Bwana akapandisha mkono wa shati langu, akaona saa, akacheka mpaka akakaa chini. "Mashine mzima! Gonjwa ni saa yako!" Akaeleza kuwa ile rangi inayong'aa ni ya ukoo mmoja na mawe yetu. Akaivua, akaipeleka mbali, nikapita tena: tik. Kwake yakawa yamekwisha. Akanipa kopo la sigara niwe naiacha humo, mbali, wakati wa kazi.

Nani alimsikiliza? Nikawaambia, "Jamani, ile ya wachawi nilitania! Mashine inajua mawe tu."

Masanja akanitazama kama hatujawahi kulala banda moja. "Ngosha," akaniita, kama tunavyoitana wanaume wa kwetu, "ulituambia mwenyewe. Leo imekushika wewe, ndiyo imekuwa utani?"

Tangu hapo napakuliwa ugali wangu peke yangu. Nikikaa motoni, wenzangu wanakumbuka kuni. Kwenye ngoma nimeambiwa nafasi yangu imepata mtu. Nikitania hacheki mtu, na mimi bila wa kumtania ni nani? Taa ikizimwa naitoa saa koponi, inanimulikia kidogo. Hiyo ndiyo jamaa yangu.

Juzi Masanja alikuja, akasimama mbali. "Ilete saa mbele ya watu, uiponde kwa jiwe, useme uchawi ulikuwa wake. Tutakula pamoja."

Nusura nikubali pale pale, maana ugali wa peke yako haushuki. Lakini wote wanajua saa ilikuwa ya nani. Nikiiponda, uchawi utahamia kaburini kwa kaka, na kutoka hapo utamfuata aliyemzaa. Mama yuko Mhunze peke yake, mjane, anapikia samadi, na moshi umemwachia macho mekundu. Mnajua kwetu bibi wa macho mekundu huitwa mchawi, hata pasipo saa.

Masanja anangoja jibu. Leo wakati wa chakula alijisogeza tu, pakabaki pengo la mtu mmoja kwenye sinia. Ndugu zangu, nishaurini: nikakae pale, au niendelee kula na saa? Nifanye nini?