Kibuyu Alichokiosha Hulda

Mwaka ule uliofuata mafuriko ya El Niño, ukinunua embe kwa Hulda Gunga katika soko la Garsen ulipewa na mahubiri juu yake, upende usipende. Alikuwa mjane wa kijiji cha Ngao, mwembamba, mwenye sauti iliyomzidi kimo, na tangu mumewe afariki alikuwa amejiapiza kwamba hakuna mtu atakayepita mbele ya kikapu chake bila kusikia habari za Yesu. Utingo wa malori ya Lamu walimzoea. Waliitikia "amina" kila alipopumua, huku wakichagua maembe yaliyoiva vizuri, kisha wakapanda malori yao wakaenda zao na dhambi zao zote.

Mtu mmoja tu hakumkimbia wala hakumwitikia. Huyu alikuwa Darmi, mama wa Kiorma aliyeuza maziwa upande wa pili wa njia. Kila kiangazi, nyasi za bara zilipokauka, watu wa Darmi walisogeza ng'ombe wao karibu na mto, na kambi yao ikawa si mbali na mashamba ya Ngao. Hapo Darmi alikuwa akipitia nyumbani kwa Hulda na kibuyu cha maziwa. Hulda aliyamimina maziwa kwenye sufuria yake, akajaza kibuyu mahindi, akakirudisha. Hakuna aliyepima wala aliyedai. Kulikuwa na sharti moja lisilosemwa, kwamba kibuyu kisirudi kitupu, na mama zao walikuwa wakifanya hivyo hivyo kabla yao.

Wakati maziwa yakimiminwa, Hulda alihubiri. Darmi, ambaye alikuwa Mwislamu na hakuwa na mpango wa kuwa kitu kingine, alisikiliza huku akitafuna kipande cha muwa. Akimaliza muwa alisimama, akajitanda vizuri, akasema, "Haya, mama ya kanisa, mimi nakwenda. Ng'ombe hapana ngoja maneno." Hulda alicheka. Akishaondoka alimwombea kwa kumtaja jina, kila siku, na katika maombi hayo hakuwa na mzaha hata kidogo. Alimpenda Darmi, na alitaka alicho nacho yeye, Darmi naye awe nacho.

Basi akina mama wa kanisa walipokubaliana kwamba ifikapo Krismasi kila mmoja alete mgeni wake ibadani, mtu ambaye hajawahi kuingia, Hulda ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyua mkono. "Mimi nitamleta Darmi," akasema. Wenzake wakatazamana. Kumleta mama wa Kiorma kanisani lilikuwa jambo la kutangazwa baada ya kufanyika, si kabla. Lakini neno lilikuwa limeshamtoka, na Hulda si mtu wa kumeza neno.

Jumapili moja mwinjilisti Danson alihubiri juu ya Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu. Danson alikuwa kijana mwenye bidii na shati moja zuri. "Mmezidi kuhubiri kwa midomo," aliwaambia, na wengi wakamwangalia Hulda. "Mtafutieni jirani kazi, mumfanyie. Muosheni miguu, kwa namna yake."

Hulda alifika nyumbani maneno yale yakimchemka kifuani. Macho yake yakatua juu ya kibuyu cha Darmi, kilichokuwa kikingoja mahindi. Akakitazama ndani. Ndani kilikuwa cheusi tii, masizi yameganda ukutani safu juu ya safu.

Sasa, mtu atauliza: mwanamke aliyekunywa maziwa ya Waorma tangu utotoni, akayasifu kwa ile harufu yake ya moshi, hakujua moshi unatoka wapi? Hakujua. Alikuwa akipokea, akimimina na kuhubiri, na hakuwahi kuuliza. Kwake yeye yale yalikuwa masizi ya jikoni, na maskini Darmi huko kambini bila shaka alikosa maji ya kutosha ya kuyasugua. Hulda akavuta karai, akamimina maji ya moto na Omo, akatia mchanga na kitambaa kwenye kijiti, akasugua hadi jasho likamtoka. Alisugua akiimba. Maji yalitoka meusi, kisha ya kahawia, kisha meupe, na kibuyu kikabaki kikinukia sabuni. Akakianika juani, halafu akakijaza mahindi yake mazuri kuliko yote.

Darmi alipokuja, Hulda alimkabidhi kwa mikono miwili. Darmi alinusa kabla hata ya kukipokea vizuri. Akapiga magoti, akamwaga mahindi yote juu ya mkeka, akaingiza pua yake kwenye mdomo wa kibuyu.

"Wewe naosha hii?"

"Nimekuoshea, dada. Kilikuwa kichafu, nikaona nikusaidie."

"Na sabuni?"

"Na sabuni, na mchanga. Tazama kinavyong'aa."

"Hii kibuyu ya mama yangu," Darmi akasema. Hakupaza sauti. "Nilipoolewa, yeye nanipa. Yeye natia moto ndani, miaka mingi. Mama nakufa. Moshi yake iko hapa." Akakigeuza kibuyu kuelekea jua, macho yake yakaingia ndani yakatoka. "Sasa hapana."

Alisimama akaondoka. Mahindi yalibaki mkekani, na kibuyu kwa mara ya kwanza kikatoka nyumba ile kitupu. Hulda alimfuata hadi kwenye ua akimwita. Darmi hakugeuka.

Hakuja tena. Sokoni Garsen alihamia mwisho wa safu, kwa wauza mikeka, na Hulda alipomsalimu aliitikia kwa kichwa, basi. Watu wakadhani ni mahubiri yamemchosha hatimaye. Hulda aliuza maembe yake kimya, na utingo walianza kumwuliza kama ni mgonjwa.

Alimweleza Danson. Mwinjilisti alihuzunika kidogo, kisha akapata wazo. "Mama Hulda, usijilaumu. Ulifanya kwa nia njema. Muda bado upo wa kutafuta mgeni mwingine. Kuna yule fundi baiskeli anayekunywa mnazi, yule tayari nusu ameshaokoka kila Jumatatu asubuhi."

"Sitaki fundi baiskeli," Hulda akasema. "Danson mwanangu, mimi sikupoteza mgeni wa Krismasi. Nimempoteza Darmi."

Akalia palepale mbele ya kijana wa watu, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake. Alipokwisha kulia aliona jambo ambalo hakulipenda. Mwaka ule na miaka iliyotangulia alikuwa amemwambia Darmi juu ya msamaha mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na hata mara moja hakuwahi kumwomba Darmi huo msamaha. Angemkabili vipi Yesu kwa maombi, na kambi ya Darmi iko hapo nyuma ya mashamba, naye hajaenda?

Kwanza alifikiri kumnunulia dumu jipya la plastiki, lile la manjano, Garsen. Alilishika dukani akalinusa, akalirudisha kwenye rafu upesi. Badala yake alikata kibuyu kikavu kilichoning'inia kwenye ua wake, akafunga khanga kiunoni, akashika njia ya kambini. Njia yote alijikataza jambo moja: hatahubiri. Kwa mtu kama Hulda hiyo ilikuwa kama kuambiwa asipumue.

Alimkuta Darmi mbele ya nyumba yake ya mikeka, anamkamua mbuzi.

"Nagaa," Hulda akamwamkia kwa Kiorma chake kibovu.

"Nagaa." Darmi hakuacha kukamua. "Leo nakuja kuhubiri mpaka huku?"

"Leo sina mahubiri. Nimekuja kuomba radhi. Nilikuharibia kitu cha mama yako kwa sababu sikuuliza. Sina cha kulipa. Hiki nimekileta, lakini najua si kile."

Darmi alikipokea kile kibuyu kipya, akakigonga kwa ukucha. "Hii mbichi, hapana moshi. Hii nataka miaka."

"Basi nifundishe. Na kile cha mama nifundishe kukirudishia moshi, hata kama utakuwa moshi wangu."

Mbuzi alipokwisha kukamuliwa Darmi aliingia ndani, akatoka na vibuyu vyote viwili na fungu la vijiti vya mti wenye harufu nzuri. Hakusema amesamehe. Alimwonyesha mahali pa kukaa. Vijiti viliwashwa vikawa makaa mekundu, vikatumbukizwa ndani ya kibuyu, kibuyu kikafunikwa na kutikiswa huku na huku, mbio mbio kabla hakijaungua, kisha majivu yakatolewa na masizi yakasuguliwa kwenye kuta kwa kijiti chenye nyuzi. Halafu tena. Hulda aliungua vidole. Macho yalimtoka machozi, na wajukuu wa Darmi walimcheka wazi wazi.

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kiangazi kilikaza, njia ikawa vumbi tupu, naye alikwenda. Alitikisa kibuyu huku akiuliza: mti huu unaitwaje, ulijifunza lini, mama yako alikuwa mtu wa namna gani? Akagundua kwamba Darmi, yule mtafuna muwa aliyekaa kimya, alikuwa msimuliaji hodari asiyepewa nafasi. Mama yake aliwahi kumfukuza fisi kwa kumpiga na kibuyu hiki hiki. Ufa mdogo ule wa shingoni ulikuwa wa siku ile.

Siku moja Darmi alisema, bila kumtazama, "Miaka yote wewe nasema, nasema. Sasa nauliza. Mimi napenda hii." Akaongeza kijiti motoni. "Hiyo Yesu yako, yeye nasema mtu aombe msamaha hata ya kibuyu?"

"Hata ya kibuyu," Hulda akajibu. Mdomo ulimwasha kuendelea, Mungu ni shahidi, lakini akaufunga akatikisa.

Krismasi ikafika, na mwaka ule iliangukia ndani ya Ramadhani. Kanisa la Ngao lilijaa. Wakati wa wageni kila mama alisimama na wake: shemeji, mpangaji, hata fundi baiskeli alikuwepo, amechana nywele, kaletwa na mtu mwingine. Ikafika zamu ya Hulda. Alisimama peke yake. Hakuwa amemwalika Darmi. Aliona haya kumgeuza kuwa deni la kulipwa mbele ya watu, tena mtu aliyefunga.

"Nilisema nitamleta jirani yangu," akasema. "Nilimkosea kabla sijamleta. Nilikwenda kumwomba radhi, akanipokea. Ndilo nililonalo." Akaketi. Sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, na waliokaa nyuma walilazimika kuulizana amesema nini.

Watu walipotoka, alikuwepo mtu karibu na tangi la maji. Darmi alikuwa amesimama na mtandio wake mweusi, midomo imemkauka kwa mfungo na mwendo, kibuyu mikononi. Si kile kipya. Kilikuwa kile cha mama yake, chenye ufa shingoni.

"Sikukuu yenu," akasema. "Nani anakunywa chai bila maziwa?"

Hulda alikipokea. Alijua ng'ombe wamekauka na maziwa ya siku hizo hayawatoshi hata watoto wa kambini. Akanusa. Moshi ulikuwepo, mwepesi bado, lakini ulikuwepo.

"Sabuni hapana," Darmi akamwonya, na wote wawili wakacheka hadi Danson akageuka kuangalia.

Kisha Darmi akauliza, "Ndani mlikuwa naimba Isa nazaliwa wapi?"

"Kwenye zizi. Nyumba zote zilijaa, mama yake akazalia walipolala ng'ombe."

"Sisi tunasema chini ya mtende." Darmi akatafakari kama mtu aliyezalisha wengi. "Haya, zizi. Kwa nani pale kuna maziwa? Maryamu alipozaa, nani namletea maziwa?"

Hulda alifungua mdomo. Alikuwa ameisikia habari ile kila Krismasi ya maisha yake, akaihubiri sokoni kwa malori na mbuzi. Wachungaji walikuja, mamajusi walikuja na dhahabu. Mtu wa maziwa hakumkumbuka.

"Sijui," akasema. "Haikuandikwa."

"Hapana namletea?" Darmi alisikitika kweli kweli, kwa ajili ya mzazi yule wa zamani aliyeachwa hivyo. "Wewe na mimi tungekuwa pale."

Hulda alimshika mkono. Akamvuta hadi nyumbani, akabandika chai, akaitia maziwa yote, na harufu ya moshi ikajaa jikoni. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye vikombe alipokumbuka mfungo. Akaviacha. Akaijaza chai yote kwenye chupa, akaifunga kwa khanga.

"Kunywa," Darmi akamwambia. "Ni sikukuu yako."

"Sitakunywa peke yangu."

"Jua bado iko juu sana."

"Nitangoja. Na tukiwa njiani utaniambia habari ya mtende, halafu mimi nikuambie ya zizi."

Wakashika njia ya kambini, Hulda na chupa ya chai, Darmi na kibuyu kilichojaa mahindi.