Mume Wangu na Vita vya Mlimani

Nianze na ukweli, kwa umri wangu huu sina muda wa kuzunguka: mume wangu Ghanim hajapigana vita hata siku moja. Jeshini alikuwemo, tena miaka ishirini na miwili, na pensheni yake anaila mpaka leo. Lakini kazi yake ilikuwa kushona. Alikuwa kwenye karakana ya nguo hapa hapa Maskati, anakata sare, anapunguza suruali, anatia vyeo mabegani mwa watu. Na ule mguu anaochechemea, ambao wajukuu wanaamini umeingia risasi, uliangukiwa na cherehani siku walipokuwa wakihamisha karakana. Mie ndiye niliyemkanda kwa maji ya moto, na alivyokuwa akilia, mtoto wa siku saba ana afadhali.

Tulikuja kutoka Unguja mwaka wa sabini na moja, kila mmoja na wazee wake, tukaja kuoana hapa. Kule Unguja tukiitwa Waarabu. Tulipofika hapa tukaitwa Wazinjibari, yaani Wazanzibari. Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea msahafu, sokoni hwendi nacho. Ghanim alipojiandikisha jeshi wakamuuliza anajua kufanya nini, akasema kushona, maana mjomba wake alimfunza kanzu na makoti katika duka lake la Mlandege. Basi wenziwe wakapelekwa kusini kupigana na waasi, milima ya Dhofar, na yeye akapewa mkasi.

Uongo ulianza Hisham, mwanetu wa kwanza, alipokuwa na miaka tisa. Alirudi skuli kanzu yake ya dishdasha imechanika, kamasi mpaka kidevuni. Wenzake wamemwambia baba yake si Muomani, warudi kwao. Ghanim alikuwa anakula. Akanawa mikono taratibu, akenda chumbani, akatoa picha yake ya ujana, kavaa sare, kashika bunduki. Bunduki yenyewe kaazima kwa mlinzi wa geti kwa ajili ya picha. Akamwambia mtoto, "Kesho waonyeshe hii. Waambie baba yangu kaipigania nchi hii mlimani."

Ebo! Mwiko ulinitoka mkononi. Lakini nikamtazama Hisham, nikaona kile kichwa kinavyonyanyuka na ile shingo inavyonyooka, nikajisemea, Masouda, funga mdomo wako. Nikaufunga. Kwa hiyo dhambi ile, kama ni dhambi, nusu ni yangu.

Basi uongo ukakaa, na kila Idi ukatiwa chumvi. Mara kulala pangoni, mara kiu ya siku tatu, mara ngamia aliyefia njiani. Mguu nao ukaingizwa humo humo. Ghanim mwenyewe alikuwa hasemi sana, watoto ndio waliokuwa wakijazia. Ila kuna bei aliyoilipa, nayo mie tu niliyeiona: nje ya karakana hakushika tena sindano mbele za watu. Fundi yule! Nguo zangu zote nnapeleka kwa mafundi wa Ruwi, zinarudi mishono imekwenda upande, na yeye kakaa kwenye kochi anaziangalia kama mtu aliyeuma ndimu. Hunong'ona, "Kwapa hilo wamelikata vibaya." Nami humjibu, "Si ungelikata weye?" Hapo huvaa kofia yake akatoka kwenda msikitini.

Mwaka huu ndipo alipoingia nyumbani mwetu Bwana Wojnat.

Noof, binti wa Hisham, ana miaka kumi na tano na mdomo wa miaka arubaini. Mwalimu wao wa historia aliwapigisha kura: kila mtoto apate mpigania uhuru mmoja wa nchi ya mbali, amsome, kisha asimame mbele ya wazee kavaa kama alivyovaa yeye. Mwenzake kapata jemadari mwenye farasi mweupe. Noof kapata Kazimir Wojnat. Ijumaa tunakula biriani kwangu Darsait, akatusomea habari zake kwenye simu, uso kaukunja.

Huyo Wojnat alikuwa mtoto wa nyumba kubwa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, katika dola moja walimoishi pamoja Wapolandi na Walithuania. Wafalme watatu majirani walikuwa wakiimega nchi ile kipande kipande. Wojnat aliingia jeshi la wapanda farasi angali kijana. Mwaka 1794 watu walipoinuka kuikomboa nchi yao, alikwenda na farasi wake na wakulima thelathini wa mashamba yake, silaha zao ni miundu ya kukatia nyasi waliyoifunga kwenye miti mirefu. Pambano la kwanza tu akavunjwa paja. Farasi hapandi tena. Jemadari wake akampa kazi ya kuwavika askari, maana wengi wao walikuwa miguu mitupu.

"Basi ndio hivyo!" Noof akaitupa simu juu ya mkeka. "Vita vyote vilivyobakia, yeye anakusanya vitambaa na kugawa buti. Kakata mapazia ya mama yake, kawashonea watu makoti. Babu, huyu si mwanajeshi huyu! Fundi cherehani tu."

Hisham aliinamia sinia. Mie nilimtazama Ghanim. Tonge lilikuwa limesimama njiani. Halafu akauliza, sauti ndogo, "Mapazia ya kitambaa gani?"

"Babu!"

"Nnauliza tu. Kama hariri haifai, inapitisha baridi. Na bitana alitia nini?"

Nikamfinya. Lakini Noof hakuwa na habari naye, alikuwa na lake. "Nimeshazungumza na mwalimu," akasema. "Nikishamaliza na huyu fundi wangu, nitamwita Babu mbele asimame. Watu waone mwanajeshi wa kweli. Skuli nzima inajua."

Tangu siku ile chakula kikamshinda mume wangu. Nikamwambia, "Sema unaumwa."

"Siumwi."

"Basi sema kweli."

"Nikisema kweli, mtoto ataaibika mbele ya wenzake wote. Hatanitazama tena alivyokuwa akinitazama. Nikisema uongo, huenda ukumbini yumo mzee aliyekuwa kule mlimani hasa, kazika wenziwe. Huyo nitamtazama vipi?"

Nikaiondoa sahani yake, wali haujaguswa.

Siku mbili kabla ya shughuli yenyewe, Ijumaa baada ya sala, Noof akaja na koti lake kutoka kwa fundi. Koti refu la buluu, kifua chekundu, kola ya kusimama. Akalivaa. Subhanallah! Mkono wa kulia umetiwa kushoto, wa kushoto umetiwa kulia, kola inamkaba, na mgongoni limekunjana mfano wa gunia. Akapiga simu dukani, hapokei mtu. Mapumziko ya wiki hapa kwetu ni Ijumaa na Jumamosi, duka limefungwa mpaka Jumapili. Noof akakaa chini akalia, na hakikuwa kile kilio chake cha madeko ninachokijua. Alilia mpaka mabega yakatikisika.

Ghanim alivumilia dakika tano, akavumilia kumi. Mikono ilikuwa inamcheza juu ya magoti. Mwisho akanyanyuka.

"Masouda, lete mkasi. Na ile cherehani yako ya stoo."

"Ghanim..."

"Lete."

Nikaleta. Akafumua mishono yote huku anazungumza na mtoto, hata hatazami mkono wake unafanya nini. Akampima mabega kwa shibiri, tepu hakuitaka. Akageuza mikono, akaipunguza kola, akaketi kwenye cherehani, na ule mwendo wake nikausikia tena, nilikuwa sijausikia tokea Hisham ana miaka tisa. Kabla ya magharibi koti lilikuwa limemkaa mtoto mwilini utadhani kazaliwa nalo. Wallahi machozi yalinilengalenga. Nilikuwa nimesahau nimeolewa na fundi wa namna gani.

Noof alijizungusha mbele ya kioo, anacheka, anajitazama mgongo. Kisha kicheko kikaisha.

"Babu, umejifunza wapi haya?"

"Unguja, kwa mjomba wangu. Halafu jeshini."

"Jeshini walikufunza kushona?"

"Jeshini nilishona, Noof. Ndio kazi niliyoifanya, tokea siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mlimani sikupanda."

Mtoto akamtazama kuanzia kichwani mpaka chini. "Na mguu?"

"Cherehani iliniangukia."

Nilitaka kucheka. Nikauona uso wa Noof, kicheko kikanirudi tumboni. Alilivua koti taratibu, akalikunja, akaliweka mkononi.

"Nimeshawaambia watu wote," akasema. "Babu, tafadhali, Jumapili sema vile vile ulivyokuwa ukisema siku zote. Kidogo tu. Usinitie aibu." Baba yake alipokuja kumchukua, alitoka bila ya kutuaga, na huyo ni mtoto asiyeondoka kwangu mpaka anibusu mkono.

Jumapili Hisham aliomba ruhusa wizarani, akaja kutuchukua. Ukumbi umejaa wazazi, mababu na vilemba vyao, mabibi na abaya zao, na watoto jukwaani wamevaa kila aina ya vituko. Ikafika zamu ya Noof. Koti lilimpendeza mpaka watu wakageuka. Akaeleza kwa Kiarabu chake safi jinsi wale watu walivyoshindwa hata mwaka haujatimia, jinsi Wojnat alivyonyang'anywa mashamba, akakimbilia Italia, ambako wenziwe waliokosa nchi walikuwa wameunda kikosi ndani ya jeshi la Wafaransa, wakitumai ipo siku wataingia kwao na bendera yao. Akatumikia huko miaka, akafa ugenini. Nchi yake ilikuja kuwa huru mwaka 1918, miaka mia moja na ishirini na mitatu tangu ilipomegwa kipande cha mwisho, na kaburi lake hata halijulikani.

Maskini, nikamhurumia yule mtu. Ila nikasikia na mengine ambayo pale kwenye mkeka hayakuwemo. Wojnat wa leo paja halijavunjika, lina kovu tu. Kapigana vita vitatu na upanga mkononi. Kaangusha mpaka mizinga. Buti na mapazia hakuna. Nikajisemea, huyu kweli mjukuu wa Ghanim.

Kisha akamwita babu yake. Ghanim akaenda mbele kwa mguu wake ule ule, na watoto wanautazama kwa heshima. Kijana mmoja, Marwan, akanyoosha mkono.

"Babu, kule vitani uliwahi kuogopa?"

Noof aliinamisha kichwa. Ghanim akajibu kwa Kiarabu chetu kile kile ambacho wengine hukicheka.

"Vitani sikufika, mwanangu. Nilikuwa fundi wa nguo wa jeshi. Walioogopa mlimani ni wenzangu, na waliofia huko Mwenyezi Mungu awarehemu. Mie niliogopa nyumbani. Karibu miaka arubaini nimeogopa mwanangu asije akajua kuwa baba yake alikuwa akishona suruali za watu, nikamwambia uongo, na mjukuu wangu akauamini. Kosa ni langu, si lake." Akamgeukia Noof. "Na huyu Wojnat wako naye aliwavika watu. Usimwonee haya."

Sitakuongopeeni kuwa ukumbi ulisimama. Makofi yalikuwa machache, ya adabu. Mwalimu akashukuru, akamwita mtoto mwengine. Ghanim akarudi kukaa pembeni yangu, mikono baridi, na mie nikaishika mbele za watu, kitu ambacho sikukifanya hata siku ya harusi.

Tukaingia garini. Hisham anaendesha, baba yake kakaa mbele, mie na Noof nyuma, yeye kageuzia uso dirishani, koti bado kalivaa. Niliona tumempoteza mtoto huyu. Tulikuwa tumeshapita mtaa wa Ghala ndipo Hisham aliposema, macho yake barabarani:

"Baba, mie nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unashona. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinipa chakula nikuletee kambini, mlinzi akanipitisha. Nikakukuta umepiga magoti mbele ya afisa, unamkunjia pindo la suruali, pini mdomoni. Yeye anapiga soga na mwenziwe juu ya kichwa chako, hata chini hatazami. Nikarudi."

Ghanim akamgeukia. "Miaka yote hii? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Baba? Nilimuona mtu anayepiga magoti mchana kutwa, halafu akirudi nyumbani anasimama wima kwa ajili yangu. Nikaona nisikukalishe."

Mie nimeuma ulimi karibu miaka arubaini, nnajiona mtunza siri peke yangu, kumbe na mwanangu kauma wake, tena tunakula sinia moja! Nikashindwa nilie au nimpige. Kikanitoka kitu cha kipumbavu kabisa.

"Na chakula changu? Ulinambia walinzi walikufukuza! Nimewalaani walinzi wale mpaka leo!"

"Nilikila, Mama. Nyuma ya ukuta. Nilikuwa nnalia na nnakula."

Noof akaanza kucheka. Alicheka huku kaegemea kioo, kisha kilio kikaingia humo humo, akajivuta mbele akampitishia babu yake mikono shingoni, kiti na mtu vyote pamoja, akasema kitu sikioni mwake ambacho mpaka leo wamekataa kunambia.

Ghanim alinyoosha mkono wake akauweka juu ya kisogo cha Hisham, mwanamume wa miaka arubaini na minane, mkurugenzi mzima wizarani, vile anavyoshikwa mtoto anayevushwa barabara, na hakuuondoa mpaka tulipofika Darsait.